Mama Yangu Hakuwa na Vidonda vya Tumbo

Kama una mgonjwa nyumbani, na kuna mtu amekuvuta pembeni akakunong'oneza "usimwambie, atakata tamaa," basi haya nakuandikia wewe. Mambo ya dawa kaulize kwa wenye dawa. Mimi nina saluni Elerai, kazi yangu ni kusuka nywele na kusikiliza watu. Najua jambo moja tu, nililijua kwa mama yangu, na hata leo nikilikumbuka hasira inanipanda upya. Mama alikufa kwa saratani ya koo. Miezi na miezi aliambiwa ana vidonda vya tumbo, na waliomwambia walijua wanadanganya.

Mama alikuwa mkutubi wa shule ya sekondari hapa mjini. Wanafunzi walimwita Mama Maktaba, wengine hata jina lake la Ndeshukurwa hawakulijua. Alikuwa mkali! Ukikunja ukurasa wa kitabu kuweka alama, anakukunja sikio na wewe uone raha yake. Ukimuuliza maana ya neno, hakujibu. Anakunyooshea kidole kwenye rafu: "Usibahatishe. Kaangalie." Na sisi watoto wake nyumbani Moshono tulikuwa tunaambiwa hivyohivyo, mpaka tunachoka. Lakini siku ya Ijumaa, kipindi cha mwisho, alikuwa mtu mwingine. Aliwakusanya kidato cha kwanza, wale waliotoka shule za msingi za vijijini wakakuta masomo yote ni Kiingereza wakawa mabubu, akawasomea hadithi za Kiswahili kwa sauti. Fisi alikuwa na sauti yake, mfalme ya kwake, bibi kizee ya kwake. Watoto wanacheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani anagonga ukuta. Mama alisema mtoto akishacheka kwenye maktaba, haiogopi tena.

Yote yalianza na kipande cha nyama, mvua za vuli zilipoanza. Tulikuwa tunakula mchana, Jumapili, baada ya ibada. Mama akasimama ghafla, akashika kifua, akanywa maji, akakohoa, akacheka. "Nimezeeka, nimesahau kutafuna." Baada ya hapo ikawa nyama anaipitisha pembeni. Kisha wali. Kisha ugali akawa anautafuna mpaka sisi wengine tumeshaosha mikono, halafu anatoka nje kidogo, anarudi anajifuta mdomo. Sketi zake za kazini akaanza kuzibana kwa pini. Mimi nikasema hospitali, yeye akasema shule ikifungwa. Mwisho kaka yangu Elibariki, mkubwa wangu, mwenye duka la spea mjini, akampeleka kwenye kile kipimo cha kuingiza kamera kooni.

Sikuwepo siku hiyo, nilikuwa na bibi harusi wa kumsuka. Mama ndiye aliyenisimulia. Alitolewa ndani koo limekufa ganzi, akakalishwa kwenye benchi. Muuguzi akachungulia mlangoni: "Ndugu wa mgonjwa aingie." Elibariki akaingia, mlango ukafungwa. Mgonjwa ni mtu mzima, ana akili zake timamu, pengine amesoma kuliko kila mtu aliyekaa kwenye lile benchi, na koo ni lake. Anaitwa ndugu yake! Hebu niambie, jamani, wapi duniani mtu anaulizia mali yake mwenyewe, jibu anapewa jirani?

Elibariki akatoka, akatabasamu, akasema, "Ni vidonda vya tumbo, mama. Vimepanda mpaka kooni. Utapona."

Na mama akaamini, maana huku kwetu nani hana vidonda vya tumbo? Ukikonda, vidonda. Ukigombana na mume ukakosa hamu ya kula, vidonda. Padri akikatiza mahubiri, vidonda. Ni ugonjwa ambao hakuna mtu anauogopa, ndiyo maana wakauchagua.

Sasa sikia kilichonichoma. Mama akafanya kile alichokuwa anatufundisha siku zote. Akaenda kuangalia. Kila jioni alibaki maktaba baada ya wanafunzi kuondoka, akavisoma vidonda vya tumbo kuanzia kitabu cha baiolojia cha kidato cha pili mpaka vitabu vya afya vilivyoletwa na wafadhili. Alivisoma kama anayekwenda kufanya mtihani. Akaacha maharage. Akaacha pilipili, akaacha chai ya rangi. Akaacha na kahawa, yeye, binti wa Mmeru aliyelelewa chini ya migomba na kahawa, ambaye asubuhi bila kikombe usimsemeshe. Akawa anasaga kabichi mbichi, anachuja, anakunywa ile juisi ya kijani huku amefumba macho. Nyumba nzima ilinuka kabichi. Elibariki anamwona anakunywa, anasema, "Vizuri, mama." Walimwacha asome ugonjwa usio wake! Mtu aliyeishi maisha yake yote kwenye vitabu, wakamfungia kwenye kitabu kisicho chake, wakakaa kimya.

Na yeye mkutubi, angenyamaza? Akawafundisha majirani. Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa Mama Joyce, mama wa Kichaga anayeuza vitenge soko kuu. Naye alikuwa analalamika chakula kinamgandia hapa kifuani. Mama akampelekea juisi ya kabichi kwenye jagi. Akamweleza asile nini na alale saa ngapi. "Usihangaike na hospitali," alimwambia, "mimi nimeshapimwa kwa niaba yetu wote wawili." Wakacheka.

Sauti ya mama ikaanza kukwaruza kabla ya Krismasi. Elibariki akasema apumzishe koo, aache kusoma Ijumaa kwa muda, vidonda vikauke. Mama alilia kidogo, halafu akakubali. "Naitunza," alisema. "Nikipona nitawasomea mpaka wachoke wao." Ijumaa zikapita. Watoto wakawa wanapewa kipindi cha kufyeka majani.

Kiangazi kikaisha. Masika inaanza, Elibariki akasafiri kwenda Dar kuchukua mzigo, kliniki ya mama ikaniangukia mimi. Tulikaa kwenye yale mabenchi ambayo mgonjwa wa mbele akiingia, wote mnasogea makalio nafasi moja. Mama amejifunga kitenge kichwani, mkononi ana kitambaa cha kutemea mate, maana hata mate sasa yalikuwa kazi kuyameza. Akaenda msalani. Muuguzi mmoja akanisogelea, akainama.

"Dada, ninyi mlishakubaliana kuhusu mionzi?"

"Mionzi ya nini? Mama ana vidonda vya tumbo."

Alinitazama, akatazama chini, akatazama mlango wa msalani. "Ngoja nikuitie daktari."

Daktari alikuwa kijana, amechoka. Akasema kaka yangu aliomba muda familia ikae kikao. Akasema, "Tunawasubiri tangu vuli." Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mgonjwa mwenyewe. Akasema ndugu walikataa, na huku ndugu wakikataa, wao wanaheshimu. Wanaheshimu! Nilitamani kupindua ile meza. Lakini nilisikia sandali za mama zinarudi kwenye korido, nikatoka, nikamshika mkono, nikamwambia foleni ni ndefu.

Kumbe kikao kilishakaa zamani. Kilikaa Nkoaranga, kwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yetu, mimi sikuitwa kwa sababu ati nina mdomo. Na wakaamua asipelekwe kwenye mionzi, maana akifika huko tu atajua, kila mtu anajua mionzi ni ya nini. Soma tena hapo kama hujaelewa. Walimnyima matibabu ili uongo wao usiharibike.

Nilimpigia Elibariki simu nikiwa nje ya saluni, wateja wananitolea macho. "Wewe ulitaka nimwambieje?" akasema. "Mama, unakufa? Ungeweza wewe?"

"Ningeweza!"

"Basi ongea na baba mkubwa."

Nikapanda Nkoaranga jioni ileile, njia ni tope tupu, viatu nimevishika mkononi. Baba mkubwa alikuwa barazani na redio yake.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Kaa. Najua kilichokuleta." Akazima redio. "Upendo, mgonjwa hatajiwi ugonjwa wake. Ukimtajia umeshamzika. Hata baba yenu tulimficha."

"Na alikufa, baba mkubwa."

"Alikufa na amani."

"Alikufa anauliza kwa nini dawa za malaria hazimsaidii! Mimi nilikuwa pale!"

Mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha akasema taratibu, "Ukimwambia, usikanyage tena hapa kwangu." Nikamwambia nitakanyaga, tutakapomleta mama kumzika, na hiyo siku wanaiharakisha wao. Nikaondoka bila kuaga. Sijawahi kumjibu mzee vile maishani mwangu, na sijuti.

Asubuhi yake nilimkalisha mama kwenye kigoda uani, nikamchana nywele. Zilikuwa zimekuwa laini kama za mtoto mchanga. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanikimbia.

"Mama, siyo vidonda. Ni saratani. Ya koo."

Hakugeuka. Nikaona mabega yake yanapanda na kushuka. "Tangu lini?"

"Tangu vuli. Tangu kile kipimo."

"Elibariki anajua?"

"Anajua. Baba mkubwa anajua. Mimi nimejua jana."

Kuku walikuwa wanachakura pale miguuni kwake. Nikasubiri alie, nikasubiri akate tamaa kama walivyotabiri mabwana wale. Mara akasimama, chanuo bado liko kichwani, akasema kwa ile sauti yake iliyobaki, "Mungu wangu! Mama Joyce!"

Hakusubiri hata kuvaa viatu. Alikwenda amenishika bega, anasimama kila hatua chache kutema mate, na Mama Joyce akatufungulia geti akiwa na lile jagi la juisi ya kijani mkononi. Mama akamwambia palepale getini, "Nilikudanganya. Na mimi nilidanganywa. Mwaga hiyo, kavae, uende hospitali leo." Mama Joyce akaliweka jagi chini. Akaenda. Wakamkuta na saratani hiyohiyo, lakini changa, akafanyiwa upasuaji. Leo anakula ugali, polepole, na kila akiniona sokoni ananishika mkono kwa muda mrefu.

Tuliporudi nyumbani mama akamwaga juisi yake kwenye shina la mgomba. "Nichemshie kahawa," akasema. Aliinywa kwa kijiko, nusu ikarudi, nusu ikapita, na alivyoumeza ule uchungu akafumba macho tena, safari hii kwa raha. Halafu ndipo akakasirika. Sijawahi kumwona mama vile. Alipiga kiganja mezani mpaka kikombe kikaruka. "Ijumaa zangu," alisema. "Sauti yangu nilikuwa naitunza. Waliniacha niitunze!"

Nilitaka kumpigia Elibariki simu hapohapo nimpasulie maneno yote. Akanikataza. "Huyu nimemfundisha kusoma mimi mwenyewe, herufi kwa herufi. Nataka aniambie kwa mdomo wake. Usimlazimishe. Mimi nitamsubiri."

Basi, akasubiri. Mionzi aliitaka mwenyewe, akasema kama kuna mlango uliobaki wazi atapita. Tukapanga chumba karibu na hospitali, mji mwingine, mbali na mlima wetu. Na Elibariki, jamani, alikuwa analeta kila kitu. Alileta mashine ya kusagia, alileta siagi, alitulipia chumba, alimbeba mama kwenye ngazi kama yai. Nilishamwambia kwamba nimemwambia mama. Alinijibu, "Kama umeshamwambia, mimi sina la kuongeza." Kisha anakaa kando ya kitanda, mama anamtazama usoni, anamuuliza kwa upole kabisa, "Baba, mimi naumwa nini?"

"Vidonda, mama. Hii mionzi itavikausha."

Mama anatikisa kichwa kidogo, anageukia ukutani. Siku nyingine anamuuliza tena. Jibu lilelile. Kule hospitali, ukutani kwenyewe kumeandikwa kwa herufi kubwa jengo ni la ugonjwa gani!

Chumba cha kusubiria mionzi ndicho nitakachokikumbuka kwa wema. Wagonjwa wamejaa, kila mmoja ana alama za wino mwilini za kuelekezea mionzi, na hakuna anayetaja kitu. Huyu ana kauvimbe, yule ana kidonda kisichopona, mzee mmoja wa Kimaasai akasema ameng'atwa na mdudu. Mama akawasikiliza kwa muda, kama alivyokuwa anawasikiliza watoto wanaobahatisha. Akasema, "Mimi nina saratani ya koo. Wewe je?" Wakatazamana. Mama mmoja wa Babati akajibu taratibu, "Mimi ya kizazi." Akafuata mwingine. Mwisho yule mzee akacheka, "Basi na huyu mdudu wangu ni huyohuyo." Kuanzia siku hiyo lile benchi likawa la watu. Tulifundishana kuchuja mtori kwa chujio la chai, kuweka siagi nyingi, kulalia mito miwili ili mate yasimkabe mtu usiku. Kwa hiyo wewe unayeuguza, yafanye hayo, yanasaidia. Na ngozi ya shingo ikiwa nyeusi na kuwasha, usiipake kitu bila kuuliza.

Lakini tulichelewa. Daktari wa kule hakuzunguka, alimwambia mama mwenyewe, nami nikiwa pembeni: tungekuja mapema tungezungumza mengine. Wakamwekea kimrija kooni cha kupitishia uji na maji. Tukarudi Moshono baridi imeshaanza, mama amebaki mifupa na macho, na ameniagiza jambo moja tu. Apelekwe shule siku ya Ijumaa.

Elibariki akatuendesha. Mkuu wa shule aliwakusanya watoto maktaba, wakamkuta amekaa kwenye kiti chake, sweta juu ya sweta, kitabu kimefunguliwa mapajani. Mama akafungua mdomo, ikatoka pumzi. Akajaribu tena, pumzi. Watoto walikaa kimya kwa adabu, hakuna aliyekohoa, na ile adabu yao ilikuwa inaumiza kuliko kicheko. Nikamtazama Elibariki. Alikuwa amesimama mlangoni, anatazama viatu vyake. Mama akafunga kitabu polepole, akawapungia mkono waende wakacheze. Ile sauti ya fisi na ya bibi kizee haikusikika tena duniani, na ilikuwepo wakati wa vuli, ilikuwepo; kwa nini walimwambia aitunze, ndicho ninachotaka mtu anijibu.

Wiki zake za mwisho aliongea kwa macho na vidole. Elibariki alikuja kila siku baada ya kufunga duka. Mama alikuwa anamnyooshea kidole kooni kwake, halafu anaelekeza kiganja kwake yeye mwanawe, anasubiri. Sisi sote tulijua anauliza nini. Elibariki anaweka blanketi vizuri. Anasema, "Pumzika, mama." Alfajiri moja ya baridi kali, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, alipumzika kweli.

Tulimzika Nkoaranga, kando ya baba. Watu walijaa mpaka kwenye mashamba ya jirani, wanafunzi na sare zao, kwaya, wazee. Kabla ya mahubiri husomwa historia ya marehemu, na baba mkubwa alikuwa ameshaiandika. Nilikuwa nimeipitia asubuhi ile: "alisumbuliwa na vidonda vya tumbo kwa muda mfupi." Nikaapa moyoni kwamba wakifika hapo nitanyang'anya kipaza sauti, liwalo na liwe. Nikavua viatu ili nisijikwae.

Elibariki ndiye aliyesimama kusoma. Akasoma kuzaliwa, akasoma shule, ndoa, kazi ya maktaba. Akafika pale. Upepo ulikuwa unapeperusha karatasi, akaishusha. Mimi nilishanyanyuka nusu.

"Mama yetu," akasema, "alikuwa na saratani ya koo. Nilijua tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyemficha."

Minong'ono ikapita kwenye umati. Baba mkubwa akamvuta mkono wa koti, Elibariki akautoa. Akaendelea, machozi yanamtiririka, akaeleza inavyoanza, nyama kukwama, kisha wali, kisha ugali, akawaambia wenye dalili hizo waache juisi za kabichi waende hospitali, na daktari akiita ndugu, mgonjwa aingie pia. Alisema vizuri sana. Hata mimi nisingesema vile. Watu waliokuja kuzika wakawa wanashika shingo zao.

Nikakaa chini, miguu peku kwenye udongo wa baridi. Wengi wananiuliza kama siku ile hasira iliniisha. Wanasema kaka yangu alifanya ujasiri mkubwa, na ni kweli, kuna waliopima afya kwa sababu yake, namsalimia, tunakula pamoja Krismasi. Lakini haikuisha. Maana nilimsikia kwa masikio yangu akilitaja lile neno kwa sauti safi, hakukwama hata mara moja, mbele ya kijiji kizima. Kumbe aliweza. Na kila mtu alimsikia siku ile, isipokuwa yule aliyekuwa amemuuliza.